Mganga Hajigangi: Wema Ambao Mtu Huinyima Nafsi Yake

Mada ya leo ni nyepesi kuitamka na nzito kuitenda. Inahusu mtu aliye mwepesi wa kuwahurumia wengine lakini mgumu wa kuihurumia nafsi yake, na yale ambayo imani ya Kikristo inamwambia mtu huyo.

Wahenga waliligusa jambo hili kwa maneno mawili tu: mganga hajigangi. Kwa kawaida methali hiyo hukumbusha kwamba hata mwenye ujuzi humhitaji mwenzake. Lakini ndani yake mna swali zito zaidi. Yuko mganga asiyejiganga kwa kuwa mkono wake haufiki penye kidonda, na yuko mganga asiyejiganga kwa kuwa anaona haya kukiri kwamba naye ana kidonda. Wa kwanza anahitaji msaada. Wa pili anahitaji kwanza ruhusa ya kuumwa.

Huyo wa pili si vigumu kumpata jijini Toronto. Alfajiri na mapema, kabla mabasi na treni za chini ya ardhi hazijafurika, wanawake na wanaume wengi wenye asili ya Afrika Mashariki huwa tayari wako njiani, ama wakienda kazini ama wakirudi kutoka zamu ya usiku. Wanafanya kazi hospitalini, katika nyumba za kutunzia wazee na katika makazi ya watu wenye ulemavu. Kazi yao ni kuogesha, kulisha, kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, na kumsikiliza bibi kizee aliyepoteza kumbukumbu akiuliza swali lile lile mara kumi. Mara ya kumi humjibu kwa upole ule ule wa mara ya kwanza.

Kisha simu hulia kutoka Nakuru, Bukoba au Bukavu: ada ya shule haijatimia, mzee amelazwa, paa linavuja. Mtu huyo huongeza zamu. Akichelewa kutuma fedha, hujiita mvivu. Akiugua, hujiita dhaifu. Akijikuta analia peke yake, hujiambia kwamba hana shukrani, maana ni wangapi nyumbani wanaoitamani nafasi aliyo nayo! Maneno ambayo hawezi kuthubutu kumwambia yule bibi kizee, hujiambia mwenyewe kila siku, wala haoni kwamba ni ukatili.

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia katika nyumba za wazee za jimbo la Ontario, hali ilizidi kuwa mbaya hata wanajeshi wakaitwa kusaidia katika baadhi ya nyumba hizo. Katika siku zile walezi waliitwa mashujaa. Lilikuwa jina la heshima, lakini pia lilikuwa jina gumu kulivaa, kwa sababu shujaa haruhusiwi kuchoka.

Wapenzi wasikilizaji, kando ya jiji hili aliishi mtu mmoja ambaye maisha yake yanalieleza jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida. Naye ni padri Henri Nouwen. Alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Nijkerk, Uholanzi, akapadirishwa mwaka 1957, na baadaye akasomea saikolojia. Alifundisha katika vyuo vikuu vitatu mashuhuri vya Marekani, yaani Notre Dame, Yale na Harvard, na akaandika vitabu zaidi ya 30. Mwaka 1972 alitoa kitabu kiitwacho The Wounded Healer, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kusemwa Mganga Mwenye Jeraha. Katika kitabu hicho alieleza kwamba mhudumu wa Mungu hawaponyi wengine kwa kujifanya mzima, bali kwa kuyakubali majeraha yake mwenyewe na kuyafanya kuwa chemchemi ya huruma.

Mafundisho hayo yaliwagusa watu wengi, Wakatoliki na Waprotestanti vilevile. Lakini kulifahamu jambo ni kitu kimoja, na kulipokea moyoni ni kitu kingine. Pamoja na sifa zote alizopata, Nouwen aliandika mara nyingi juu ya upweke wake, juu ya kiu yake ya kupendwa, na juu ya hofu yake ya kuachwa. Aliwahakikishia maelfu ya watu kwamba wao ni wapendwa wa Mungu, huku yeye mwenyewe akishindwa kuamini kwamba neno hilo linamhusu.

Mwaka 1986 aliiacha njia ya vyuo vikuu, akahamia Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto, katika jumuiya iitwayo Daybreak, yaani Mapambazuko. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1969, nayo ni sehemu ya L'Arche, neno la Kifaransa lenye maana ya Safina. Katika nyumba za L'Arche, watu wenye ulemavu wa akili na wasaidizi wao huishi pamoja kama jamaa moja. Safina hiyo ilianzia Ufaransa mwaka 1964, na imefika hata Uganda na Kenya.

Huko Daybreak, profesa yule alipewa kazi ambayo hakuna chuo kilichomwandaa kuifanya. Kila asubuhi alitakiwa kumsaidia kijana mmoja aitwaye Adam, ambaye hakuweza kusema, hakuweza kutembea bila kushikwa, na alisumbuliwa na kifafa. Nouwen alimwamsha, akamwogesha, akamnyoa, akamvika nguo na kumlisha kifungua kinywa. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya saa nzima, na mwanzoni aliifanya kwa woga. Adam hakujua kwamba aliyemshika ni mwandishi mashuhuri. Hakuwa amesoma kitabu chake hata kimoja, wala hakuwa na sifa ya kumpa. Alikuwapo tu. Na kwa kuwapo kwake, taratibu alimfundisha padri yule kwamba thamani ya mtu hutangulia kazi yake.

Somo hilo lilikuwa na makali yake. Ikiwa Adam, asiyeweza kufanya lolote kati ya mambo ambayo ulimwengu huyalipia mshahara, ni mpendwa wa Mungu kikamilifu, basi Nouwen naye alikuwa mpendwa kabla hajaandika ukurasa wa kwanza. Hilo alilikubali kwa akili. Moyo ulikuwa bado.

Mwishoni mwa mwaka 1987, urafiki aliokuwa ameutegemea sana ulikatika ghafla, naye akaanguka. Hakuanguka kwa mwili bali kwa roho. Aliandika baadaye kwamba hakuweza kulala, alilia kwa muda mrefu, akaona kana kwamba kila nguzo ya maisha yake imeng'oka. Yule aliyewafariji wengi hakuweza kujifariji. Jumuiya yake haikumfukuza, wala haikumwambia aongeze sala tu na kurudi kazini. Ilimpeleka Winnipeg, katikati ya Kanada, akakaa huko miezi sita chini ya uangalizi wa watu waliojua kumwongoza aliyevunjika moyo.

Ni huko Winnipeg ambako alifanya jambo dogo lenye maana kubwa. Alianza kuandika daftari la siri. Hakuandika kwa mtindo wa kumbukumbu za kila siku, na hakumwandikia msomaji. Alijiandikia mwenyewe, akijiita wewe, kama vile mchungaji anavyomwandikia muumini aliye taabuni. Mtu huyu, aliyekuwa amewaandikia wengine maelfu ya barua za faraja, kwa mara hii aliigeuza kalamu ile ile na kuielekeza kwake. Alijishauri, alijionya, alijitia moyo. Hakujidanganya kwamba mambo ni mema, lakini pia hakujitukana. Daftari hilo lilikaa miaka 8 bila kuchapishwa, hadi marafiki walipomshawishi. Lilitoka mwaka 1996 kwa jina The Inner Voice of Love, yaani Sauti ya Ndani ya Upendo.

Hapo, wapenzi wasikilizaji, ndipo penye kiini cha makala haya. Wema kwa nafsi si hazina mpya ambayo mtu hana budi kuitafuta mbali. Ni wema ule ule anaoutoa kwa wengine kila siku, kwa sauti ile ile na kwa subira ile ile, isipokuwa sasa anakubali kuwa mmoja wa wanaoupokea.

Je, huu si ubinafsi uliovikwa kanzu ya dini? Swali hilo ni la haki, na Wakristo wengi waliolelewa katika maadili ya kujitoa huliuliza. Jibu laanzia katika amri yenyewe. Katika Kitabu cha Walawi, na tena katika Injili, mwamini huagizwa kumpenda jirani kwa kipimo cha jinsi anavyoipenda nafsi yake. Mara nyingi wahubiri hukaa kwenye nusu ya kwanza ya amri hiyo na kuipita nusu ya pili. Lakini kipimo kikiwa kibovu, kinachopimwa nacho huharibika. Anayejichukia hatimaye humpimia jirani kwa kibaba kile kile: msaada wake huwa na uchungu ndani yake, uvumilivu wake huwa na hesabu, na siku moja hesabu hiyo hudaiwa.

Biblia inatoa mfano wa nabii Elia, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Elia alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa, kisha akatishiwa maisha, akakimbilia jangwani. Aliketi chini ya mti, akaomba afe. Mtu angetazamia Mungu amkemee kwa kukata tamaa. Badala yake alipata usingizi, kisha malaika akamgusa na kumpa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Mazungumzo juu ya wito wake yalikuja baadaye. Kama Mungu hakuona haya kumpa nabii wake usingizi na chakula kabla ya kumpa kazi nyingine, mlezi wa Toronto aone haya ya nini?

Hata Yesu, kwa mujibu wa Injili ya Marko, aliwaita mitume wake waende faraghani wakapumzike, pale ambapo watu walikuwa wengi kiasi cha kuwakosesha nafasi hata ya kula. Uhitaji wa watu haukuwa umekwisha. Aliwaita wapumzike ingawa haukuwa umekwisha.

Katika historia ya Kanisa wapo waliolisema jambo hili bila kuficha. Mwaka 1145 mtawa aliyekuwa ameishi chini ya malezi ya Bernardo wa Clairvaux alichaguliwa kuwa Papa, akachukua jina la Eugenius wa Tatu. Bernardo alimwandikia mwanafunzi wake huyo wa zamani, akamshauri kwamba, kama kweli amejitoa kuwa mali ya watu wote, basi na yeye ni mmoja wa watu hao. Si haki awe peke yake anayerudi mikono mitupu. Ushauri huo ulipewa Papa, mtu ambaye mlango wake ulibishwa na Ulaya nzima. Hautakosa kumfaa muuguzi mwenye zamu mbili.

Wanasaikolojia nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Kristin Neff, alichapisha maandishi yaliyoueleza wema kwa nafsi kuwa na sehemu tatu: kujitendea kwa upole badala ya kujishutumu, kutambua kwamba kushindwa ni fungu la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yalivyo bila kuyakuza wala kuyafunika. Mkristo anaweza kuzipokea zote tatu. Ila yeye huongeza la nne: upole huo haukuanzia kwake. Anajihurumia kwa kuwa amekwisha kuhurumiwa.

Pana tofauti, hata hivyo, kati ya kujitendea wema na kujitetea. Safina yenyewe ilifunzwa jambo hilo kwa uchungu. Mwanzilishi wake, Jean Vanier, alifariki mwaka 2019 akiwa ametukuzwa duniani kote. Mwezi Februari mwaka 2020, L'Arche ilitangaza matokeo ya uchunguzi iliouagiza, kwamba mtu huyo aliwadhulumu kingono wanawake kadhaa waliomjia kutafuta mwongozo wa kiroho. Jumuiya hiyo ilichagua kuusema ukweli badala ya kuilinda sifa yake. Huruma ya Kikristo haizimi taa ili kosa lisionekane. Humpa mtu nguvu za kusimama mwangani, kutaja alilotenda, na kubeba matokeo yake. Anayeficha dhambi yake hajajihurumia, na aliowadhuru amewadhulumu mara ya pili.

Lakini wengi wa wale wanaojitesa hawana uovu kama huo wa kuungama. Kosa lao ni kuchoka. Hao wanafanana zaidi na mtu mwingine, ambaye Nouwen alimtafakari kwa miaka mingi. Katika jumba la makumbusho la Hermitage, mjini Saint Petersburg, Urusi, imetundikwa picha ya mchoraji Rembrandt inayoonyesha kurudi kwa mwana mpotevu, kile kisa cha sura ya 15 ya Injili ya Luka. Nouwen aliiona kwa mara ya kwanza katika nakala ya karatasi, kisha mwaka 1986 akasafiri kwenda kuiona yenyewe, na mwaka 1992 akatoa kitabu juu yake. Mwanzoni alijiona kuwa yule mwana mdogo aliyepotea. Rafiki mmoja ndiye aliyemzindua kwamba huenda anafanana zaidi na kaka mkubwa.

Kaka mkubwa hakutapanya mali. Alifanya kazi miaka yote, hakuvunja agizo, na jioni ile alirudi kutoka shambani amechoka, akasikia ngoma, akakataa kuingia. Alikuwa na baba, alikuwa na nyumba, alikuwa na urithi, lakini aliishi kama kibarua anayengoja kulipwa. Wangapi walioko ughaibuni wamo katika hali hiyo! Wamejenga nyumba ambazo hawajalala ndani yake, wamesomesha watoto wa ndugu, na bado wanasimama nje ya karamu wakijiuliza wamekosa nini. Kisa cha Injili kinasema kwamba baba yule alitoka nje mara mbili: kwanza kumkimbilia aliyepotea, kisha kumbembeleza aliyetii. Huruma ya Mungu ina mlango wa wakosaji, na ina mlango wa wachovu pia.

Mtu ataingiaje, basi? Nouwen alijibu kwa kusimulia tukio lililotokea Daybreak, nalo limo katika kitabu chake cha mwaka 1992 kiitwacho Life of the Beloved. Mwanamke mmoja mwenye ulemavu alimwomba baraka. Padri akamchorea msalaba kwenye paji la uso, kama ilivyo desturi. Mwanamke akamwambia wazi kwamba hiyo haitoshi, yeye ataka baraka ya kweli. Baada ya ibada, mbele ya wote, alisogea akaegemeza kichwa kifuani pa padri, naye akamfunika kwa mikono mipana ya kanzu yake, akamhakikishia kwamba yeye ni binti mpendwa wa Mungu na kwamba wema wake nyumbani unaonekana. Mara wenzake nao wakataka. Mwishowe akasimama kijana mmoja wa wale wasaidizi, mwenye nguvu na elimu, akauliza kama naye angeweza kupata.

Yule mwanamke hakuona haya kuomba, na kwa kuomba kwake alimfungulia njia mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumhudumia. Pengine hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya wema kwa nafsi: kuacha kungoja mpaka wengine wabashiri, na kusema kwa kinywa kwamba nami nimechoka, nami nahitaji.

Ni lazima kuongeza kwamba wema wa moyoni haulipi kodi ya nyumba. Mlezi anayelipwa kidogo hahitaji mahubiri ya kupumzika peke yake. Anahitaji ujira wa haki, likizo ya ugonjwa, na parokia au usharika unaomtembelea asipoonekana Jumapili. Jamaa walioko nyumbani nao wana sehemu yao. Simu inayoanza na orodha ya mahitaji yaweza kuanza na swali: wewe umelala? Umekula? Kinyozi hajinyoi, lakini kijiji chenye wembe mwingine hakimwachi kinyozi wake na nywele za mwaka mzima.

Henri Nouwen alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo mwezi Septemba mwaka 1996, huko Uholanzi, akiwa safarini kwenda Saint Petersburg kutengeneza filamu juu ya picha ile ile ya Rembrandt. Mwili wake ulirudishwa Kanada, ukazikwa karibu na watu wa Daybreak, na nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha St. Michael's hapa Toronto. Adam alikuwa ametangulia miezi michache kabla, Februari mwaka ule ule. Kitabu cha mwisho ambacho padri huyo alikuwa akikiandika kilimhusu kijana huyo, ambaye hakuwahi kutamka neno hata moja, na ambaye alimwita mwalimu wake.

Basi, mpendwa msikilizaji, iwapo wiki hii utajikuta ukijisemea neno kali, jiulize kama ungemwambia hivyo mgonjwa aliye mikononi mwako. Kama jibu ni hapana, huna ruhusa ya kujiambia wewe. Wewe nawe uko miongoni mwa watu ambao Mungu amekukabidhi uwatunze.

Amani iwe nanyi nyote.